Google, Apple na Microsoft: ni mahasimu wa kweli au wanatuigizia?

Msomaji mmoja anayeuza simu jijini Mwanza ameuliza hivi: "Kila mara nasoma kwamba Google, Apple na Microsoft ni mahasimu wanaoburuzana mahakamani. Hapo hapo nasoma kwamba Google inailipa Apple mabilioni ya dola kila mwaka, na wateja wangu wanapakua Word ya Microsoft kutoka Play Store ya Google. Je, ushindani huu ni wa kweli au wanatuigizia? Na imekuwaje Microsoft, iliyotawala kompyuta zote, leo haina hata simu moja dukani kwangu? Tena nieleze, je, inafaa niweke dukani simu za Huawei zisizo na Play Store?"

Ndugu msomaji, ushindani huo ni wa kweli, na umekwisha kuangusha kampuni kubwa na kuwaondoa kazini maelfu ya watu. Kinachochanganya ni mahali unapofanyika. Matangazo ya simu mpya hutufanya tudhani kwamba kampuni hizi zinashindania kamera, kasi na uzuri wa kioo. Zinashindania hayo pia, lakini jambo linalozifanya zilipane mabilioni na kushtakiana ni jingine: mtu anapowasha kifaa chake na kutaka kutafuta habari, kuandika barua, kununua programu au kuangalia ramani, ni kampuni gani inayompokea kwanza kabla hajachagua lolote? Anayempokea mtumiaji ndiye anayeamua nani mwingine atapata nafasi ya kumhudumia, na kwa masharti gani.

Ukitaka kujua kampuni itapigania nini hadi mwisho, tazama inapata riziki wapi. Alphabet, kampuni mama ya Google, mwaka 2022 ilipata karibu asilimia 80 ya mapato yake kutokana na matangazo, kwa hiyo inamhitaji kila mtu mwenye kioo mkononi, kiwe cha kampuni yoyote ile. Apple hupata karibu nusu ya mapato yake kwa kuuza iPhone, kwa hiyo huduma zake huwekwa ili mtu asitamani kuihama simu hiyo. Microsoft huishi zaidi kwa leseni za programu na kwa kukodisha kompyuta zake kupitia intaneti, na wateja wake wakubwa ni ofisi, serikali na mashirika. Riziki zao zikiwa tofauti hivyo, kila kampuni inaweza kugawa bure kile ambacho mwenzake anakiuza. Hiyo ndiyo silaha yao kuu, na tangu miaka ya 1990 imetumika tena na tena.

Aliyeanza kuitumia kwa ukali ni Microsoft yenyewe. Mwaka 1995 kampuni changa ya Netscape, iliyokuwa na kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa za intaneti, kilichopendwa kuliko vyote, iliingia kwenye soko la hisa na thamani yake ikapanda ghafla. Miezi michache kabla ya hapo, mwezi Mei, Bill Gates, kiongozi wa Microsoft, alikuwa amewaandikia viongozi wenzake waraka mrefu akiwaonya kwamba intaneti ni wimbi litakalobadili kila kitu. Hofu yake haikuwa kwamba Netscape ingeuza nakala nyingi za kivinjari. Alihofia kwamba siku moja watu wangefanya kazi zao zote ndani ya kivinjari, na hapo isingekuwa na maana tena kama chini yake kuna Windows au mfumo mwingine wowote. Microsoft ilijibu kwa kutoa kivinjari chake, Internet Explorer, bila malipo, na kukiunganisha na Windows ili kiwemo kwenye kila kompyuta mpya.

Lakini kutoa bure hakukutosha, na hapa ndipo pa kutazama kwa makini. Mwezi Machi 1996 Microsoft iliipa America Online, mtoa huduma mkubwa wa intaneti nchini Marekani na mshindani wake wa wazi, nafasi kwenye ukurasa wa mbele wa Windows. America Online nayo ikakubali kuwapa wateja wake Internet Explorer. Agosti 1997 Microsoft iliwekeza dola milioni 150 kwa Apple, ambayo wakati huo ilikuwa taabani kifedha, ikaahidi kuendelea kutengeneza Office kwa kompyuta za Macintosh, na Apple ikakubali kuifanya Internet Explorer kuwa kivinjari cha chaguo-msingi, yaani kile kinachofunguka chenyewe pasipo mtumiaji kuchagua. Watengenezaji wa kompyuta nao walibanwa kwa mikataba iliyowazuia kuiondoa alama ya Internet Explorer. Kwa hiyo desturi ya kumlipa au kumsaidia hasimu ili akuweke mbele ya wateja wake haikubuniwa na Google. Google iliikuta.

Serikali ya Marekani pamoja na majimbo kadhaa iliishtaki Microsoft mwezi Mei 1998. Jaji Thomas Penfield Jackson aliona kwamba kampuni hiyo ilitumia ukiritimba wake kinyume cha sheria, na Juni 2000 akaamuru igawanywe kuwa kampuni mbili. Mahakama ya rufaa ilifuta amri ya kuigawanya mwaka uliofuata, ingawa ilikubali kwamba Microsoft ililinda ukiritimba wake kwa njia haramu. Netscape haikunufaika na ushindi huo, kwa kuwa ilikuwa imekwisha kununuliwa na America Online na watumiaji wake walikuwa wakizidi kupungua. Sheria hufika, ila mara nyingi hufika baada ya mazishi.

Google ilianzishwa mwaka 1998, mwaka ule ule wa mashtaka, na viongozi wake walikuwa wameyaona yote hayo. Injini yake ya utafutaji ilikaa ndani ya vivinjari vya watu wengine, juu ya mifumo endeshi (programu kuu zinazoendesha kifaa, kama Windows) ya watu wengine, na Microsoft ingeweza wakati wowote kuamua kwamba atafutaye kupitia Windows apelekwe kwingine. Google ilipoinunua Android mwaka 2005, wakati Android ikiwa bado kampuni ndogo isiyojulikana, hofu kuu haikuwa iPhone, kwa maana iPhone haikuwapo bado. Eric Schmidt, aliyekuwa mkurugenzi mtendaji wa Google, aliieleza mahakama mwaka 2012 kwamba walikuwa wakihofia mkakati wa Microsoft wa simu ungefanikiwa. Jambo la kuchekesha kidogo ni kwamba Schmidt huyo huyo aliketi kwenye bodi ya Apple kuanzia Agosti 2006 hadi Agosti 2009, kipindi ambacho kampuni hizo mbili zilitoka kuwa marafiki hadi kuwa washindani wakubwa kabisa wa simu.

Apple ilitangaza iPhone Januari 2007. Novemba mwaka huo Google ilitangaza muungano wa kampuni za simu na mitandao uliokubali kujenga juu ya Android, na simu ya kwanza, iliyotengenezwa na HTC, ikaingia sokoni Oktoba 2008. Google haikumtoza mtengenezaji yeyote ada ya leseni. Kwa kampuni iliyotegemea kuuza leseni za mfumo endeshi, hilo lilikuwa pigo lile lile ambalo Microsoft iliwahi kuipiga Netscape.

Bure hiyo ilikuwa na masharti. Sehemu ya Android iliyo wazi anaweza kuichukua mtu yeyote, lakini Play Store, Gmail, YouTube na Ramani za Google hazimo ndani yake. Mtengenezaji anayezitaka hana budi kutia saini mkataba, na kwa miaka mingi mkataba huo ulimtaka aweke kisanduku cha utafutaji cha Google na kivinjari cha Chrome, na pia asiuze simu zenye Android iliyobadilishwa bila idhini. Mwaka 2012 kampuni ya Acer ilikuwa inajiandaa kuzindua nchini China simu yenye mfumo wa Aliyun wa kampuni ya Alibaba, ikaahirisha uzinduzi saa chache kabla ya shughuli, kwa sababu Google iliuhesabu mfumo huo kuwa Android iliyopotoshwa. Tume ya Ulaya ilipoitoza Google faini ya yuro bilioni 4.34 mwaka 2018, masharti ya namna hiyo ndiyo yaliyokuwa kiini cha kesi. Mwaka 2022 mahakama ya Ulaya iliipunguza faini hiyo hadi yuro bilioni 4.125, lakini ilikubali sehemu kubwa ya hoja za Tume.

Sasa tuje kwenye simu za Microsoft, maana hapa watu wengi hujibu kwa haraka kwamba zilikuwa mbaya. Hazikuwa mbaya. Windows Phone, iliyoingia sokoni mwishoni mwa mwaka 2010, ilisifiwa kwa wepesi na mpangilio wake hata kwenye simu za bei ya chini zilizokuwa na kumbukumbu ndogo, mahali ambapo Android ya wakati huo ilikuwa ikikwama. Tatizo lilikuwa kwingine, na yalikuwa matatizo kadhaa yaliyofungamana.

La kwanza ni kuchelewa. Steve Ballmer, aliyeiongoza Microsoft wakati huo, alisema hadharani mwaka 2007 kwamba iPhone isingepata sehemu yoyote ya maana ya soko, na kampuni yake ilipokuja na jibu la kweli, miaka mitatu ilikuwa imepita. Miaka mitatu katika simu ni mingi mno, kwa sababu duka la programu la Apple lilifunguliwa Julai 2008, na kila mwaka uliofuata uliongeza maelfu ya programu ambazo Windows Phone haikuwa nazo. Kisha kukawa na ada ya leseni: mtengenezaji aliyetaka Windows alilipa kwa kila simu, ilhali Android hakuilipia Google ada hiyo. Microsoft iliondoa ada kwa vifaa vidogo Aprili 2014, wakati washindani walikuwa wamekwisha kugawana soko. Jambo la tatu ni kosa ambalo mimi naliona kuwa baya kuliko yote mawili: mwaka 2012 Microsoft ilitangaza kwamba simu za Windows Phone 7 hazitaweza kupokea Windows Phone 8. Watu waliokuwa wamenunua Lumia 900, simu ya Nokia iliyotumia Windows Phone 7, miezi miwili tu kabla ya tangazo hilo walijikuta na simu iliyopitwa na wakati, na wao ndio waliokuwa mashabiki waliohitajika kuwashawishi wengine.

Juu ya yote hayo likaja suala la programu. Mtengenezaji wa programu huangalia kwanza mahali penye watumiaji wengi, na mtumiaji huangalia kwanza mahali penye programu nyingi, kwa hiyo anayechelewa hubaki akizungushwa kati ya wawili hao. Ni kizuizi kile kile kilichoilinda Windows kwenye kompyuta kwa miaka mingi, na ambacho jaji wa kesi ya Microsoft alikieleza kwa kirefu, isipokuwa safari hii Microsoft ilikuwa upande wa nje. Google iliijua hali hiyo na haikuwa na haraka ya kusaidia. Haikutengeneza programu kamili ya YouTube kwa Windows Phone, na Microsoft ilipojitengenezea yake mwaka 2013, Google iliizuia kwa hoja kwamba ilikiuka masharti ya huduma, kwa mfano kwa kutoonyesha matangazo. Microsoft ilirekebisha, ikazuiwa tena mwezi Agosti. Sioni haja ya kuilaani Google kwa hilo kuliko ninavyoilaani Microsoft kwa yale ya Netscape, lakini mtu anayedhani kwamba kampuni hizi zinaigiza uhasama akitazame kisa hiki, maana mteja wa kawaida alinyimwa video ili jukwaa la mpinzani lisikue.

Afrika Mashariki ilishuhudia sehemu ya pambano hili kwa karibu. Mwaka 2011 simu ya Android ya Huawei iliyoitwa IDEOS iliuzwa Kenya kupitia Safaricom kwa takriban dola 80, ikanunuliwa kwa kasi na kuwaingiza watu wengi kwenye intaneti ya simu kwa mara ya kwanza. Februari 2013 Microsoft ilizindua mpango wake wa 4Afrika na kushirikiana na Huawei hiyo hiyo kuleta simu ya Windows Phone kwa ajili ya nchi saba za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo. Bei yake ilikuwa takriban dola 150. Mnunuzi wa Nairobi aliyekuwa na simu mbili mbele yake, moja ikiwa ya bei nafuu na yenye programu walizotumia marafiki zake, hakuhitaji mtaalamu wa kumshauri.

Nokia ilikuwa imejifunga kwa Microsoft tangu Februari 2011, ilipoamua kuachana na mfumo wake wa Symbian. Microsoft ilitangaza kuinunua biashara ya simu ya Nokia Septemba 2013 kwa zaidi ya yuro bilioni 5.4, ununuzi ukakamilika Aprili 2014, na Julai 2015 ikafuta kwenye hesabu zake dola bilioni 7.6 zilizotokana na ununuzi huo na kutangaza kupunguza hadi wafanyakazi 7,800. Mwaka 2019 Bill Gates alisema kwamba kushindwa kuifanya Microsoft kuwa kile ambacho Android imekuwa ndilo kosa kubwa kuliko yote aliyowahi kufanya kama kiongozi, akalithamini kwa dola bilioni 400.

Haya yanajibu kwa nini wateja wako wanapakua Word kutoka Play Store. Satya Nadella alichukua uongozi wa Microsoft Februari 2014, na mwezi uliofuata kampuni hiyo ikatoa Office kwa ajili ya iPad ya Apple. Kabla ya hapo Office ilikuwa ikitumiwa kama sababu ya kumfanya mtu anunue Windows. Kuanzia hapo ikawa bidhaa inayomfuata mteja popote alipo, iwe kwenye simu ya Samsung, Tecno au iPhone, mradi alipie usajili. Tena Microsoft ilikuwa ikipata fedha kutoka kwa Android hata ilipokuwa ikishindwa nayo: kwa kutumia hataza zake, yaani haki zake za kisheria juu ya uvumbuzi, iliwatoza watengenezaji wa simu za Android, na nyaraka za mahakama zilizotolewa mwaka 2014 zilionyesha kwamba Samsung peke yake iliilipa zaidi ya dola bilioni 1 katika mwaka mmoja wa hesabu. Mwaka 2020 Microsoft ilifika hatua ya kuuza simu yake ya vioo viwili, Surface Duo, ikiwa na Android ndani yake.

Nimeacha malipo ya Google kwa Apple hadi sasa makusudi, kwa sababu bila hayo yaliyotangulia yangeonekana kama fumbo. Mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo anajua kilemba: fedha unayotoa ili upate fremu kwenye mtaa wenye wapita njia wengi, mbali na kodi yenyewe. Google inailipa Apple kilemba cha namna hiyo. Kivinjari cha Safari kwenye iPhone ni fremu iliyo kwenye mtaa wenye wateja wenye fedha kuliko mitaa mingine, na watangazaji hulipa zaidi kuwafikia watu hao. Mkataba wa kwanza kati yao ulifanywa mwaka 2002 bila malipo, na mwaka 2005 ukageuka kuwa wa kugawana mapato. Katika kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google, iliyofunguliwa Oktoba 2020 na kusikilizwa kuanzia Septemba 2023, ilibainika kwamba Apple hupata asilimia 36 ya mapato ya matangazo yanayotokana na utafutaji kupitia Safari, na kwamba kwa mwaka 2022 malipo hayo yalifikia dola bilioni 20. Ukijumlisha Samsung, Mozilla inayotengeneza kivinjari cha Firefox, na kampuni za mitandao ya simu, Google ililipa dola bilioni 26.3 mwaka 2021 kwa ajili ya nafasi kama hizo.

Huenda ukauliza kwa nini ilipe kiasi hicho ikiwa injini yake ndiyo inayopendwa. Mwanasheria wa Google aliiambia mahakama ya Ulaya mwaka 2021 kwamba neno linalotafutwa kuliko yote kwenye Bing, injini ya Microsoft, ni Google. Hoja hiyo ni nzuri na inachekesha, lakini ushahidi wa kesi ya Marekani una upande wa pili: kwenye kivinjari cha Edge, ambacho Microsoft imekiwekea Bing kama chaguo-msingi, takriban asilimia 80 ya utafutaji hubaki Bing, ilhali katika soko zima la Marekani Bing ina asilimia chache tu. Baadhi ya watumiaji wa Edge wameikubali Bing kwa hiari, lakini wengi wetu hatubadilishi kile tulichokikuta. Ndiyo maana Nadella mwenyewe alifika mahakamani Oktoba 2023 akasema kwamba Microsoft ilikuwa tayari kupata hasara ya hadi dola bilioni 15 kwa mwaka ili Bing iwe chaguo-msingi la Apple. Apple ilikataa. Mmoja wa viongozi wake, Eddy Cue, alieleza kwamba hawakuona mbadala wa kufaa.

Kuna jambo la ndani zaidi katika malipo hayo, nalo ndilo linalonifanya niseme kwamba shaka yako ina nusu ya ukweli. Apple ina fedha na wataalamu wa kutosha kujenga injini yake ya utafutaji, na imewahi kuthubutu katika huduma nyingine. Septemba 2012 iliziondoa Ramani za Google kwenye iPhone na kuweka zake, zikiwa na makosa mengi kiasi kwamba Tim Cook, aliyeiongoza Apple wakati huo, aliomba radhi hadharani na kuwashauri wateja watumie ramani za washindani wakati wakisubiri marekebisho. Baada ya miaka kadhaa ramani hizo zilitengemaa. Katika utafutaji, hata hivyo, kila mwaka ambao Apple haijengi injini yake inapokea mabilioni ya dola bila jasho, na kila mwaka ambao ingejenga ingezipoteza. Jaji Amit Mehta, katika hukumu yake ya Agosti 2024 iliyosema kwamba Google ni mkiritimba na imetenda kama mkiritimba, alilitambua hilo: malipo yanamwondolea mpinzani mwenye uwezo sababu ya kushindana. Kwa maneno mengine, katika eneo hilo moja uhasama haukuigizwa, ila ulinunuliwa.

Mahali ambapo hakuna malipo, uhasama hubaki mkali. Aprili 2021 Apple iliweka kwenye iPhone sharti kwamba programu imwombe mtumiaji ruhusa kabla ya kufuatilia nyendo zake katika programu nyingine, na watu wengi wakakataa. Meta, mmiliki wa Facebook na Instagram, ilikadiria kwamba mabadiliko hayo yangeipunguzia mapato kwa takriban dola bilioni 10 katika mwaka 2022. Apple ilizungumza juu ya faragha, na faragha ililindwa kweli. Lakini pia ilionyesha kwamba mwenye mfumo endeshi anaweza kukata riziki ya kampuni kubwa kwa kubadili kidirisha kimoja cha maswali, na hakuna aliyejifunza hilo kwa uchungu kuliko Meta, ambayo haina simu wala mfumo endeshi wa simu ulio wake.

Septemba 2025 Jaji Mehta alitoa amri za kurekebisha hali. Serikali ilikuwa imeomba Google ilazimishwe kuiuza Chrome, na hakukubali. Alipiga marufuku mikataba inayompa Google nafasi peke yake, akaamuru baadhi ya data zake zifikishwe kwa washindani wanaostahili, lakini akaruhusu malipo yaendelee mradi yasifunge mlango kwa wengine. Marufuku hiyo inahusu pia Gemini, programu ya akili mnemba ya Google, jambo ambalo kwa maoni yangu lina uzito kuliko suala la Chrome. Microsoft imewekeza mabilioni kwa OpenAI, kampuni iliyotengeneza ChatGPT, na kuiweka teknolojia yake ndani ya Bing tangu Februari 2023. Apple ilitangaza Juni 2024 kwamba Siri, msaidizi wake wa sauti, itaweza kupeleka maswali kwa ChatGPT. Swali la nani anampokea mtumiaji kwanza linahama kutoka kisanduku cha utafutaji kwenda kwa msaidizi anayejibu maswali, na kampuni zinazopigania nafasi hiyo ni zile zile.

Kuhusu simu za Huawei, historia yake ni fupi. Mwezi Mei 2019 serikali ya Marekani iliiweka Huawei kwenye orodha ya kampuni zisizoruhusiwa kuuziwa teknolojia ya Marekani bila kibali. Simu zake mpya zikakosa huduma za Google, ingawa zilibaki na sehemu ya Android iliyo wazi. Nchini China wateja hawakuona tofauti kubwa, kwa kuwa huduma hizo hazikuwapo hata awali, na mwanzoni Huawei iliendelea kuuza sana. Nje ya China mauzo yalianguka. Simu zilikuwa zile zile na kamera zake zilisifiwa, ila tu zilipoteza Play Store.

Kwa hiyo usizikatae, bali uziuze kwa mtu anayezifaa. Menyu ya *150*00# ya M-Pesa itafunguka kwenye simu yoyote yenye laini ya Vodacom, kwa sababu inapita kwenye mtandao wa simu na haimuulizi mtu mfumo endeshi. Programu nyingi zinazotumika sana zinapatikana pia kwenye duka la Huawei lenyewe au kwa njia za kupakua kutoka nje ya duka. Mteja atakayepata shida ni yule mwenye barua pepe, picha na namba zake zote kwenye akaunti ya Google, au anayetumia programu ya benki inayotegemea huduma za Google ili ifunguke. Mwombe akuonyeshe simu yake ya zamani, mpitie pamoja programu anazozitumia kila siku, na zile ambazo ni lazima azipate mzijaribu kwenye simu mpya kabla hajalipa.